Vigango na Mipaka ya Kushirikisha Jamii

Kigango ni nguzo ya mti mgumu ambayo Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, humsimikia mzee wa chama cha Gohu baada ya kufa kwake. Kichwa chake huchongwa duara au kwa sura ya mtu, na kiwiliwili bapa hujazwa pembetatu zilizokatwa kwa kisu. Hakisimikwi siku ya mazishi. Marehemu huja ndotoni, au mji huandamwa na maradhi na mavuno haba, mpaka mganga aseme kwamba mzee anadai mahali pake. Kikishasimama hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi na huelezwa habari za watoto. Kwa waumini, koma, yaani roho ya mzee, imo humo. Ndiyo maana kigango hakihamishwi hata watu wakihama mji. Huachwa hapo hapo, mvua na mchwa wakifanya kazi yao.

Tangu miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake, na muda si mrefu vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi baadaye, yeye na mwenzake Linda Giles waligundua kuwa kimoja kipo Makumbusho ya Jimbo la Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 kimoja kilikabidhiwa ukoo wake mbele ya umati. Makumbusho ya Denver nayo ilitoa vigango 30 mwaka 2014, vikafika Kenya 2019. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu kurudisha masalia na vitu vitakatifu inawahusu wenyeji asilia wa huko tu, kwa hiyo Denver haikuwa imelazimishwa na sheria hiyo. Ilisukumwa na dhamiri.

Hapo, pasipo sheria, ndipo swali la makumbusho kuishirikisha jamii linapokuwa gumu. Mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maelezo mapya ya makumbusho ni nini, yakitaja ushiriki wa jamii. Mashirika yasiyo ya kiserikali yalikuwa yameshazoea lugha hiyo, na wafadhili huidai katika kila andiko la mradi. Lakini kushirikisha mara nyingi ni kualika, na kualika kuna mwenyeji na mgeni. Wazee wanaoitwa kwenye ukumbi wa mikutano, wakapewa chai na nauli, wakaulizwa maandishi gani yabandikwe chini ya kigango, wamekwisha kuamuliwa jambo kubwa zaidi: kwamba kigango kitaonyeshwa. Sherry Arnstein, katika makala yake ya 1969 kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi, aliweka mashauriano ya namna hiyo katika daraja za kuridhisha macho tu, kwa sababu anayeshauriwa hana uwezo wa kubadili uamuzi.

Hata hivyo ngazi ya Arnstein inapima madaraka ya walio hai. Katika imani ya Wamijikenda mhusika wa kwanza ni marehemu mwenyewe, na hana kiti kwenye kamati yoyote. Mhifadhi huona kuoza ni hasara, hivyo hupuliza dawa na kudhibiti unyevu. Kwa ukoo, kuoza ni sehemu ya safari ya mzee. Si rahisi kuona pande hizi mbili zitapatanaje kwa warsha.

Jamii nayo haina kauli moja. Wagiriama wengi leo ni Wakristo au Waislamu, na baadhi yao huona kumwagia nguzo tembo ni ushirikina wasiotaka kuurudia. Miongoni mwa walioiba wamo vijana wa vijiji hivyo hivyo. Wanachama wa Gohu wanaojua kusimika kwa taratibu zake wamebaki wachache. Anayedai kusema kwa niaba ya jamii anapaswa kwanza kuulizwa ni nani aliyemtuma. Pengine jamii ni neno pana mno hapa: mwenye haki juu ya kigango ni ukoo, si kabila zima, wala taifa.

Ukoo huo mara nyingi haujulikani, kwani wauzaji hawakuandika mji ambako nguzo iling'olewa. Vigango vya aina hiyo vikirudi huishia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo nayo ni makumbusho kama zile za ng'ambo, ila iko karibu zaidi. Kwa vigango hivyo visivyojulikana ukoo, njia ya haki ni kuwaachia wazee wa kaya, yaani wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na wa Gohu uamuzi wote: vionyeshwe, vifichwe, au vipelekwe msituni vikaoze. Makumbusho isiyo tayari kulikubali jibu hilo la tatu haijashirikisha mtu, na ingekuwa uungwana zaidi isiwaite wazee kikaoni.