SULUHU HAISIMAMI PASIPO MASHAURI



Kabla ya vita vya Uhud, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataka shauri Masahaba zake. Rai yake ilikuwa kubaki Madina; wengi wao, na khasa vijana, wakataka kutoka, naye akawafuata. Wakauawa watu wapatao sabini, naye mwenyewe akajeruhiwa. Juu ya msiba huo Mwenyezi Mungu akamwamrisha, katika Sura ya Aali Imran, awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao. Ikiwa mashauri hayakuachwa yalipofuatwa na hasara, itakuwaje yaachwe kwa kuwa yanachelewesha?

Twayasema haya kwa yaliyopita katika nchi yetu. Tarehe 9 Machi 2018, baada ya uchaguzi uliomwaga damu, Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga walipeana mikono. Nchi ikatulia, nasi huku Maua tukashukuru kama mlivyoshukuru ninyi wa pwani. Kisha ikatakiwa Katiba igeuzwe kwa jina la amani hiyo. Sharti la Katiba ni kuwa mswada wa namna ile upelekwe kwanza kwa mabunge ya kaunti zote 47, nayo yapewe miezi mitatu ya kuutazama. Februari 2021 mabunge mengi yaliupitisha mbio mbio, na siku zile zile wajumbe wakaidhinishiwa ruzuku ya magari. Mwisho wake, tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ikaamua kuwa Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa raia, na kuwa majimbo 70 mapya yalitiwa ndani pasipo watu kushirikishwa.

Wazanzibari walikwisha kuonyesha njia iliyo bora. Maridhiano ya Bwana Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, ya Novemba 2009, yalipelekwa kwa Baraza la Wawakilishi, kisha kwa wananchi wenyewe tarehe 31 Julai 2010. Thuluthi mbili hivi wakaridhia, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa salama. Fitina ilirejea mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa.

Hata majirani zetu Wameru, kwa baraza lao la Njuri Ncheke, wajua kuwa jambo zito halikatwi na mtu mmoja. Basi mjumbe anayeuza kura yake ameuza amana ya watu. Nasi tukiitwa kutoa maoni, kisha tukabaki barazani na vikombe vya kahawa, tumeitupa amana hiyo kwa mikono yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye kushauriana, na atudumishie amani. Amin.