Kunywa ili Kusahau

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 19:30-36, Mithali 31:4-7, Danieli 1:8-20, 1 Wakorintho 4:2, Yoeli 2:25.

Mwaka 1873 msafara uliobeba mwili wa David Livingstone ulifika Tabora. Ulitoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ukiongozwa na Susi na Chuma, nao walibeba pia daftari zake. Hapo Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha mzigo wao Bagamoyo. Mengi tunayoyajua kuhusu siku za mwisho za msafiri yule tunayajua kwa sababu daftari hazikupotea njiani.

Mwanafunzi naye ni mpagazi. Kichwani mwake hamna mali yake peke yake. Mna jasho la mzazi wa Urambo aliyeuza tumbaku, au wa Sikonge aliyeuza asali, ili ada ilipwe. Mna kazi ya mwalimu, na sala za kanisa la nyumbani. Swali letu ni hili: Je, mtu aliyekabidhiwa mzigo wa namna hiyo ana haki ya kuutupa usiku mmoja, kisha akasema, “Nimejidhuru mwenyewe tu”?

Pombe si ngeni katika njia hii ya misafara. Iko wanzuki ya asali, iko gongo ya kificho, na vilikuwapo viroba, ambavyo serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Viroba vimeondoka, lakini desturi ya kunywa nyingi kwa muda mfupi, hasa mwisho wa juma au baada ya mitihani, haikuondoka pamoja navyo. Wengine wanaoifuata hawanywi siku nyingine zote, kwa hiyo hujihesabu kuwa si walevi.

Hebu tuangalie kinachotokea. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyapokea mambo mapya na kuyafanya yawe kumbukumbu. Pombe inapopanda haraka katika damu, kazi hiyo hulegea, na huweza kusimama kabisa. Mtu bado anatembea, anaongea, anacheka, lakini hakuna kinachoandikwa. Kesho yake hakumbuki, si kwa sababu amesahau, bali kwa sababu hapakuwa na karani. Tena usingizi wa mlevi ni usingizi mbovu, na ni katika usingizi mzuri ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Hivyo usiku mmoja wa ulevi huweza kudhoofisha hata somo alilojifunza mtu kabla hajanywa. Na ubongo wa kijana ungali ukijengwa hadi karibu miaka 25.

Soma Mithali 31:4-7. Ni hatari gani mama yake Lemueli anaitaja? Hataji kwanza aibu wala gharama. Anaogopa mfalme asije akanywa na kuisahau sheria, kisha mnyonge akakosa haki yake. Anayesahau ni mmoja, anayeumia ni mwingine. Lakini fungu hilohilo linazungumza juu ya kileo kwa aliye karibu kupotea, ili asahau umaskini wake. Kijana aweza kuuliza, “Nami je, mwenye deni la ada na habari mbaya kutoka nyumbani, nisisahau kidogo?”

Swali hilo ni la kweli, tusilijibu kwa kukemea. Jibu lake liko katika jinsi pombe ifanyavyo kazi. Huzuni ya zamani imekwisha kuandikwa. Pombe huifunika kwa saa chache tu. Kinachozuiliwa kuandikwa ni kipya. Basi anayekunywa ili asahau deni huamka akilikumbuka deni na amelipoteza somo. Alitaka kutua mzigo wa huzuni, akaangusha ule wa amana.

Soma Mwanzo 19:30-36. Maandiko yanasema mara mbili kwamba Lutu hakujua. Je, asiyejua ana hatia? Waliopanga jambo lile walikuwa wengine, nao wana lao. Lakini Lutu alipokipokea kikombe cha kwanza alikuwa na akili zake, na usiku wa pili alikipokea tena. Wajibu wetu hauanzi pale kumbukumbu inapokatika. Unaanza mapema, tukiwa bado tunaweza kusema hapana. Danieli alilijua hilo: aliamua moyoni kabla hajaketi mezani, akaomba siku kumi tu za kujaribiwa, na ufahamu wake ukaonekana mbele ya mfalme.

Labda katika kundi lenu yuko kijana ambaye amekwisha kuangusha mzigo: amerudia mwaka, au anaficha matokeo yake. Asisikie kwetu kwamba njia yake imefungwa. Mtu akiacha pombe, ubongo huanza kupata nafuu, hasa akiwahi. Na katika Yoeli 2:25 Mungu anaahidi kurudisha hata miaka iliyoliwa na nzige. Wale wa msafara wa 1873 hawakufika pwani kwa sababu hakuna aliyechoka. Walifika kwa sababu walikuwa wengi, na mmoja alipochoka mwingine aliinua.

Maswali ya Kujadiliana

1. Paulo anasema wakili hutakiwa awe mwaminifu (1 Wakorintho 4:2). Taja watu ambao amana yao imo ndani ya kumbukumbu yako.

2. Kwa nini ni rahisi kwa kijana kuwaambia wanywaji wenzake huzuni yake kuliko kuliambia kundi lenu? Mtabadili nini juma hili?

3. Je, tunamwonea mtu tukimhesabia jambo asilolikumbuka? Toa sababu zako.