Gudi la Manowari na Mtu wa Shamba

Yako maswali ambayo mtu wa shamba huambiwa kwamba hayamhusu. Moja ni hili: je, ni haki wawakilishi wa watu waunge mkono kutumia fedha nyingi kwa kupanua mahali pa kutengenezea manowari? Tunguu iko katikati ya kisiwa cha Unguja, penye minazi na mihogo, wala honi ya meli iliyo bandarini haifiki huku. Walakini Tunguu ni jimbo. Linaye mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, na mbunge wake huko Dodoma. Fedha za KMKM, kikosi cha Zanzibar kilindacho bahari, huamuliwa Chukwani. Na Jeshi la Wanamaji, kwa kuwa ulinzi ni jambo la Muungano, huamuliwa na Bunge. Basi neno lisemwalo kule ndilo neno la mwenye shamba, apende asipende.

Wako wasemao ya kuwa chombo cha vita ni chombo cha kuua, na yeye akitengenezaye hushiriki damu. Neno hili si la kudharauliwa. Wengine husema, kwanza zahanati, gudi baadaye. Nalo ni zito. Lakini kabla ya kuhukumu na tuyatazame yaliyotukia hapa petu zamani za vita kuu ya kwanza.

Siku ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja. Haikuweza kwenda, maana mitambo yake ilikuwa ikitengenezwa. Alfajiri ikaja manowari ya Wajeremani, Königsberg, ikaipiga mizinga hata ikazama siku ile ile. Walikufa watu zaidi ya 30, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji.

Hata yule mshindi hakupona. Haukupita muda, mtambo wake nao ukaharibika. Wajeremani walikuwa na gudi la kuelea Dar es Salaam, lakini mwezi wa Agosti walilizamisha wenyewe katika mlango wa bandari ili Waingereza wasipate kuingia. Kumbe wamemfungia mlango na mtoto wao. Königsberg ikajificha katika mito ya Rufiji. Vipande vya mtambo vikatolewa, vikakokotwa barani kwa nguvu za watu weusi hata Dar es Salaam, vikatengenezwa huko, kisha vikakokotwa kurudi. Yeyote ajuaye nchi ya Rufiji, matope yake na mikoko yake, aweza kukisia kazi ile. Na mwisho wake ulikuwa nini? Tarehe 11 Julai 1915 manowari ile iliharibiwa papo hapo mtoni.

Twapenda msomaji akae kidogo na wakokotaji hao. Hawakuulizwa neno juu ya vita, wala juu ya gudi. Gudi lilipokosekana, gharama yake haikukoma, ila ilihama: ilitoka katika hazina ya serikali ikaingia mabegani mwa watu. Watu wa pwani husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali haisemi ni nani atakayeujenga. Mara nyingi si yule aliyeuacha ufa.

Kwa ajili hiyo twaona ya kuwa mjumbe aungaye mkono gudi afanya jambo la haki kuliko yule ashangiliaye boti mpya tu. Kununua chombo kuna sherehe na picha, kukitengeneza hakuna. Mwenye jahazi hana fahari hiyo: maji ya bamvua yakifika hulipandisha pwani, akaliegemeza kwa magadi, akatia kalafati na deheni, maana wanawe wamo ndani.

Na chombo cha ulinzi hakingoji vita tu. MV Spice Islander I ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, na MV Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, watu waliokuwa majini hawakuuliza boti ijayo ni ya askari au ya raia. Boti iliyoharibika mtambo siku kama ile ni sawa na boti isiyokuwapo.

Hata hivyo hatusemi kila gudi ni jema. Likifungwa kwa ukuta, likawa la manowari peke yake, wenye kuuliza habari za zahanati wana haki ya kunung'unika. Jirani zetu wa Kenya waliunda mwaka 2020 kampuni ya serikali, Kenya Shipyards Limited, chini ya wizara ya ulinzi, ifanyayo kazi Mtongwe huko Mombasa na Kisumu, itengeneze meli za jeshi na za raia pia. Njia hiyo yatupendeza zaidi.

Basi mjumbe ajapo Tunguu kuomba kura, asiulizwe habari za barabara peke yake. Na aulizwe pia: boti tulizo nazo zilipandishwa lini mara ya mwisho, na meli zichukuazo watu wa Pemba zitapata nafasi katika gudi hilo?