Je, Upendo Hufunika Hata Maji Machafu?



Jumapili iliyopita tulihubiriwa kutoka 2 Wafalme 2, pale Elisha anapotia chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko na maji yanapona. Wengi tulitoka tukizungumza juu ya chumvi. Mimi nilibaki kwenye mstari wa 19, na kusema ukweli ulinisumbua wiki nzima. Kabla Elisha hajaitisha bakuli, watu wa mji walimjia wakamweleza hali ilivyo: mji wao unapendeza, lakini maji ni mabaya na ardhi haizai. Wangeweza kuona aibu mbele ya mtumishi wa Mungu, wasifu mji wao na kunyamazia maji. Walisema.

Mimi nilipewa nafasi kama hiyo ya kusema hali ya maji, nikadanganya.

Baadhi yenu mnajua kwamba Jumamosi moja kila mwezi huwa navaa gambuti na kushuka mtoni. Tuko kikundi kidogo cha kujitolea tunaopima afya ya Mto Njoro. Hakuna anayelipwa, hata chai tunajinunulia. Mto huu unatoka msitu wa Mau, unapita mji wa Njoro na kuingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Fikiria hapo kidogo. Uchafu tunaouachilia huku juu ukifika kule hauna bahari ya kukimbilia. Unakaa.

Watu hutuuliza tunapima na mashine gani. Hatuna mashine. Tunatumia wavu, beseni jeupe na karatasi yenye picha za wadudu, njia iliyoanzia Afrika Kusini inayoitwa miniSASS. Unasimama ndani ya maji, unageuza mawe kwa mguu kama dakika tano, halafu unamwaga ulichokipata kwenye beseni na kuangalia ni nani wanaoishi humo. Kila aina ina alama yake. Minyoo, ruba na mabuu ya nzi wana 2 tu kila mmoja, kwa kuwa hao huvumilia karibu kila uchafu. Konokono ana 4. Yuko mdudu mwingine mdogo wa mikia mitatu, ana 11, na mwingine anayejijengea kanyumba ka mchanga na vijiti na kukabeba mgongoni, huyo ana 9. Hawa wawili maji yakiharibika hufa au huondoka. Unajumlisha alama, unagawanya kwa idadi ya aina, na hiyo ndiyo namba ya mto siku hiyo.

Kwa nini wadudu? Kwa sababu mtu akimwaga sumu Jumanne, Jumamosi maji yanaweza kuwa yameshapita na yanang'aa kabisa. Lakini mdudu alikuwapo Jumanne. Ni shahidi ambaye huwezi kumnunulia soda.

Mwezi wa tatu nilikuwa peke yangu kwenye kituo cha chini ya daraja, wenzangu wakiwa vituo vingine. Niligeuza mawe nikapata minyoo, ruba, mabuu ya nzi na konokono. Basi. Jumla 10, aina 4, namba ni 2.5. Na juu ya maji kulikuwa na ule utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua.

Nilijua ulikotoka. Hatua chache juu ya daraja ndugu yetu mmoja katika Bwana ana pahali pa kuosha magari na pikipiki, na mtaro wake unaingia mtoni moja kwa moja. Na huyu si mtu mbaya, jamani. Usiku mke wangu alipozidiwa, ndiye aliyetupeleka hospitali na gari lake, akakataa hata pesa ya mafuta. Ameajiri vijana ambao wangekuwa wanazurura. Nikasimama pale na kalamu, nikafikiria: namba hii ikitoka, watu watauliza, watapanda juu kuangalia, atafungiwa. Petro si ameandika kwamba upendo hufunika dhambi? Nikaandika mdudu wa mikia mitatu na yule wa kanyumba, ambao sikuwaona. Nikajiambia mwezi uliopita walikuwepo, labda leo wamejificha. Jumla ikawa 30, aina 6, namba 5. Nikafunga daftari nikaenda nyumbani, na wacha niwaambie, nilienda na amani. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Amani hiyo ilidumu siku nne. Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, mama mmoja wetu anayeishi upande wa chini aliniuliza, "Ndugu, mto wetu unaendeleaje?" Nikasema si mbaya, umepanda kidogo. Akamshukuru Mungu. Yeye hununua maji ya mkokoteni wa punda, na hao wa punda huchota mtoni. Kisha akasema, kama mtu anayepiga hesabu za nyumba, kwamba sasa atapunguza makaa, maana kuchemsha kila mtungi kumemmaliza.

Nilikosa la kusema. Nilijaribu kumweleza kwamba hata mto ukipata alama nzuri maji yake huchemshwa, kwamba wadudu wetu hawaonyeshi viini vya kuhara. Ni kweli, na nilipaswa kuwaambia watu hivyo tangu mwanzo. Lakini alikuwa ameshasikia neno "umepanda", na neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Ndipo nilianza kuuliza vizuri lile swali la Petro. Ndugu akinikosea mimi, akichelewesha deni langu au akinisema vibaya, naweza kulifunika. Deni ni langu, nikiliachilia hasara ni yangu. Ila kosa la mtaro halikuwa langu kulifunika. Nilimsamehe ndugu, na gharama ya msamaha huo nikaipeleka kwa mama mwenye mtungi bila kumuuliza. Kutoa sadaka kutoka mfuko wa jirani tunajua kunaitwaje. Mbona kusamehe kwa maji ya jirani nilikuita upendo?

Ezekieli 34 ina maneno makali kwa kondoo wanaokunywa maji safi kisha wanavuruga yaliyobaki kwa miguu, wenzao wanywe matope. Sikuwa nimeona kwamba hao si mbwa mwitu. Ni kondoo wa zizi moja, na Mungu anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Mtu anaweza kusema, kwani namba moja ya kikundi kidogo inabadilisha nini? Mimi pia nilijiambia hivyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, lakini sheria haishuki mtoni kugeuza mawe. Mtu hushuka. Na tuulize mhazini yeyote wa kanisa: ukibadilisha risiti moja kwa huruma, na igundulike, ni risiti ngapi zitaaminika? Nilikuwa nimechafua miezi yote ya wenzangu, pamoja na siku walizosimama kwenye baridi wakihesabu kwa uaminifu.

Tena kuna jambo nililogundua nikiomba. Daftari letu halina nafasi ya jina la mkosaji. Lina tarehe, kituo, wadudu na namba. 2.5 haimshtaki mtu, inaeleza maji. Basi nilikuwa namficha nani? Mathayo 18 inaniagiza niende kwa ndugu, mimi na yeye peke yetu. Hiyo ndiyo safari niliyoikwepa. Niliona ni rahisi kuwaumba wadudu wawili kuliko kutembea hatua chache kwenda juu ya daraja na kusema, "Ndugu, mtaro wako."

Nilienda Alhamisi jioni. (Amesoma makala hii kabla ya kuchapishwa na ameniruhusu. Jina lake halihitajiki na naomba msilitafute.) Alikasirika. Aliniuliza ni nani aliniweka kuwa mlinzi wa mto, na akanikumbusha ile safari ya hospitali, nami sikuwa na jibu kwa sababu ni deni la kweli. Jumapili mbili alinipita mlangoni bila kunisalimia.

Kwa kikundi nilikiri Jumamosi iliyofuata. Mwalimu anayetuongoza hakunikemea. Alinipa kalamu, akasema nisifute. Nilipiga mstari mmoja juu ya 5 ili ibaki inasomeka, nikaandika 2.5 pembeni na sahihi yangu. Kumwambia mama ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Alinyamaza, kisha akauliza siku ngapi. Nikasema kumi. Akahesabu kwa vidole mitungi aliyoitumia bila kuchemsha.

Ndugu yetu sasa amechimba shimo, ameweka kokoto na mchanga, na maji ya kuoshea yanapita humo kwanza. Mvua ikinyesha sana bado linafurika, na mwezi jana namba ilikuwa 3. Wadudu wa mikia mitatu hawajarudi. Jumamosi hii tunapima tena chini ya daraja, saa moja asubuhi, na amesema atakuja na vijana wake wawili. Anataka kushika wavu mwenyewe. Anasema mimi siaminiki kuhesabu.