Daftari la Mwenye Duka

Huko Vingunguti, mama akikosa fedha ya unga humwendea mwenye duka, naye huliandika deni daftarini. Ng'ambo, akili mnemba zaanza kumchagulia mnunuzi bidhaa, kulinganisha bei, hata kulipa kwa niaba yake. Hatuzilaani, huenda zikamwepusha maskini na ulanguzi. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIV, Mei 2025, akieleza sababu ya jina lake, alizitaja kuwa mtihani mpya kwa heshima ya mtu, haki na kazi. Nasi twaujua. Mikopo ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mashine ilitazama akiba na matumizi ya simu. Mtoto mgonjwa mgongoni haikumwona. Enyi wenye maduka, mkiletewa karani huyo, deni la mjane ataliandika nani?