Kuomba Bila Hisia: Je, Ni Unafiki?

Maandiko ya wiki: Danieli 6:1-23, Mathayo 21:28-31, Kutoka 16:11-21



Wiki hii nataka tuangalie swali ambalo nimeulizwa mara kadhaa mwaka huu. Mara ya mwisho aliyeniuliza ni ndugu mmoja kijana, baada ya ibada ya pili. Alisema hivi: "Pasta, nimeacha kuomba asubuhi. Si kwamba nimerudi nyuma. Ni vile tu nikipiga magoti sisikii chochote. Naona ni kama namdanganya Mungu. Si afadhali ninyamaze mpaka moto urudi?"

Swali hili si la kupuuza. Huyu ndugu hatafuti kisingizio, anaogopa unafiki, na kuogopa unafiki ni jambo jema. Tena sisi Wapentekoste tumezoea moto. Kwenye kesha ya Ijumaa unaomba mpaka sauti inakauka, machozi yanatoka, saa zinapita kama dakika. Halafu inafika Jumanne saa kumi na moja asubuhi. Mtoto amekohoa usiku kucha, stima zimepotea, rent haijatimia, na wewe umeketi kando ya kitanda na Biblia mkononi. Ndani ni kimya kabisa. Ni rahisi kufikiri kwamba yule wa Ijumaa ndiye wewe wa kweli, na huyu wa Jumanne anaigiza.

Basi tuulize kwanza, mnafiki ni nani? Katika Mathayo 6:5 Yesu anawataja watu waliopenda kuomba wakiwa wamesimama kwenye masinagogi na pembe za njia. Neno la Kigiriki lililotumika hapo kwa mnafiki ndilo lililokuwa linatumika kwa mwigizaji wa jukwaani. Angalia vizuri kosa lao. Yesu hakusema kwamba walikosa hisia. Pengine walikuwa nazo nyingi! Kosa lao ni kwamba walitaka kuonekana na watu. Mwigizaji bila watazamaji hana kazi. Sasa wewe wa Jumanne asubuhi, umeketi gizani na watu wote wa nyumba wamelala, unamwigizia nani?

Yesu alitoa pia mfano wa wana wawili. Baba alimwambia wa kwanza aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Akakataa, lakini baadaye akabadilisha nia akaenda. Wa pili aliitikia vizuri, kwa heshima, na hakwenda. Yesu akauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba yake, na hata wapinzani wake wakakubali ni yule wa kwanza. Huyu wa kwanza alianza bila hamu hata kidogo. Alichofanya ni kwenda. Na hakuna mahali Yesu anamwita mnafiki kwa sababu miguu yake ilitangulia mbele ya moyo wake.

Nilisomea biashara chuoni, na kuna jambo moja la darasani ambalo mama mboga yeyote analijua bila cheti. Biashara haifi siku ile mauzo yamepungua. Inaanza kufa pale wateja wanapokuja mara ya tatu wakute kibanda kimefungwa. Mama mboga anaamka saa kumi usiku kwenda sokoni, mvua inyeshe isinyeshe. Ukimuuliza kama alikuwa anajisikia kuamka, atakucheka. Anaenda kwa sababu sukuma za jana zimeanza kugeuka manjano, na kuna watoto wa watu wanaomtegemea. Hakuna mtu anasema mama huyu ni mnafiki. Tunasema ni mwaminifu.

Mana nayo ilikuwa hivyo hivyo. Waisraeli waliokota ya siku moja moja, isipokuwa siku ya sita walipookota maradufu kwa ajili ya Sabato. Waliojaribu kuweka ya kesho siku za kawaida waliikuta imeingia wadudu na inanuka. Mungu angeweza kuwapa ya mwezi mzima mara moja. Alichagua kuwafundisha kumtegemea kila asubuhi, miaka 40. Ndiyo maana kesha ya Ijumaa, pamoja na utamu wake wote, haiwezi kukulisha mpaka Alhamisi.

Sasa tumtazame Danieli. Mfalme Dario alipotia sahihi amri kwamba mtu yeyote asiombe kwa mungu wala mwanadamu mwingine ila kwake, amri hiyo ilikuwa ya siku 30 tu. Danieli alikuwa mzee, zaidi ya miaka 60 imepita tangu apelekwe Babeli. Angeweza kujiambia Mungu anaujua moyo wangu, nitaendelea mwezi ujao. Badala yake alipanda chumba chake cha juu, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Maadui zake walikuwa na hakika kwamba mtego utanasa, sababu walikuwa wanajua ataomba. Biblia haituambii alijisikiaje asubuhi hiyo. Inatuambia tu alichozoea kufanya.

Lakini lazima niseme upande wa pili pia. Katika Isaya 29:13 Mungu analalamika juu ya watu wanaomkaribia kwa midomo huku mioyo yao iko mbali. Kwa hiyo mazoea peke yake hayatoshi. Je, dawa yake ni kunyamaza? Hapana. Dawa ni kumwambia Mungu ukweli. Ukisema, "Bwana, leo nimejaa furaha," na hujajaa, huo ni uongo. Ukisema, "Bwana, leo sina hamu, nimechoka, lakini nimekuja," hayo ni maombi kamili. Soma Zaburi ya 88. Inaisha gizani, haina hata mstari wa ushindi mwishoni, na bado Mungu aliiacha ndani ya Biblia.

Na kama umeruka siku tatu, au miezi mitatu? Mungu hana CRB. Hakuweka jina lako kwenye orodha ya wadaiwa, wala hakudai ulipe siku zilizopita kwanza. Aliyekosa mana jana aliamka akaikuta ya leo imeanguka.

Wiki hii chagua saa moja na mahali pamoja, hata kama ni dakika kumi kabla ya kupanda matatu. Soma sura moja, sema ukweli, inuka uende kazini. Usipime kwa hisia. Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, mwambie mwenzako mmoja saa uliyochagua, akuulize Jumamosi.

Tuombe: Baba, wengine wetu tunakuja tukiwa na moto na wengine tukiwa baridi. Tupokee sote. Tufundishe kuja, leo na kesho pia. Katika jina la Yesu, Amina.