Mwendo wa Mtoto Mdogo

Jumamosi iliyopita tulitoka Marangu Mtoni na watoto wa Shule ya Jumapili, tukifuata njia ya kando ya maji kuelekea maporomoko ya Kinukamori. Bibi mmoja wa usharika alikuja na fimbo yake na mjukuu wa miaka minne. Nilijipanga kuongoza msafara, lakini aliyeongoza ni yule mtoto. Akichuchumaa kutazama kaa, sote tulisimama.

Mlima wetu una miinuko ya kukata pumzi. Hata hivyo, ukishika ukingo wa mfongo, mfereji wa maji, unatembea karibu tambarare, migomba huku, masale kule. Wazee waliochimba mifereji hii, kabla hata wamisionari wa Leipzig hawajaingia Uchagani mwaka 1893, walijua tabia ya maji: yakikimbia hubomoa kingo, yakikosa mteremko hutuama na kujaa tope. Basi waliuzungusha mfongo ubavuni mwa mlima, wakiushusha kidogo kidogo, hadi ufike kihamba cha mbali kabisa. Njia iliyoyafaa maji ndiyo iliyomfaa bibi yetu na magoti yake.

Nikamkumbuka Yakobo katika Mwanzo 33. Esau, mwenye watu 400, anamwambia waandamane. Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wachanga, kondoo wananyonyesha, naye atakwenda taratibu kwa mwendo wa watoto. Huyu ndiye aliyemkimbia kaka yake, kisha akamtoroka mjomba wake Labani! Lakini sasa ametoka kwenye kivuko cha Yaboki, alikoshindana mweleka usiku, anachechemea. Naamini nyonga ile iliyoteguka ndiyo iliyomfundisha kuwatazama walio nyuma.

Akina baba, nawasihi. Tunawaharakisha watoto wetu asubuhi hadi usiku, na ibadani tunawavuta mkono. Wiki hii tafuteni saa moja, mshuke nao mtoni, na mtoto achague pa kusimama. Mwulizeni anaona nini. Msimjibie.

Tulifika Kinukamori jua limeinama. Wakubwa wakashuka ngazi kwa kelele. Bibi alibaki juu akisikiliza maji, mjukuu amemlalia mapajani, ngumi imefumbata kijiwe alichokiokota njiani. Nilitaka kushuka pia. Nikaketi nao.